Mgonjwa Ameona?

Hotuba kwa wanafunzi wa optometria (fani ya kupima macho na kuandika miwani), wazazi, wakufunzi na wenye maduka ya miwani, Upanga, Dar es Salaam. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakufunzi wenzangu, wazazi na walezi, ndugu zetu wenye maduka ya miwani wa Kariakoo na Posta, na nyinyi wanafunzi mliojazana kule nyuma: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wote, habari za asubuhi.

Najua wengi mmetoka mbali. Kuna mzazi ameniambia pale mlangoni kwamba ameondoka Mbagala alfajiri, mwendokasi ukiwa umejaa, ili asikose kiti. Nikamuuliza, mama, umekuja kusikiliza nini? Akanijibu: "Nimekuja kujua kama hii ada ninayolipa inazaa kitu." Mama, popote ulipokaa humu ndani, swali lako ndilo hotuba yangu yote.

Kila mwaka matokeo yakitoka tunabandika karatasi ubaoni. Waliofaulu. Wenye sapu, wa kurudia mtihani. Waliodisko, walioondolewa chuoni. Hapo vigelegele, pale machozi, simu zinapigwa nyumbani, halafu karatasi inabanduliwa na tunasubiri mwaka mwingine. Nawauliza wakufunzi wenzangu: karatasi ile inasema nini kuhusu bibi wa Tandale aliyepimwa na mwanafunzi wetu Jumanne iliyopita? Miwani aliyoandikiwa anaivaa, au iko kabatini chini ya kanga? Anaona njia ya kwenda msikitini, au bado anashikwa mkono?

Haisemi kitu.

Ndiyo maana mwanafunzi anapokuja kwangu na faili niweke saini, swali langu la kwanza ni lile lile, na waliopita kliniki wanalijua. Mgonjwa ameona? Siulizi umepima hatua ngapi. Siulizi umemaliza saa ngapi. Mgonjwa ameona?

Hili halikutoka kichwani mwangu tu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya dunia kuhusu uoni. Ilisema watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, la mbali au la karibu, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati ya hao, tatizo lingeweza kuzuilika au bado halijashughulikiwa. Humo walikuwamo watu milioni 826 wasioona vya karibu kwa sababu umri umesogea na miwani ya kusomea hawana. Mwaka 2021 nchi wanachama wakakubaliana lengo la kufikia 2030: kiwango cha watu wanaopata miwani inayowafaa kipande kwa pointi 40 za asilimia. Sasa sikilizeni jinsi wanavyohesabu. Mtu haingii kwenye hesabu kwa sababu amepewa miwani. Anaingia pale anapoivaa, akasimamishwa mbele ya chati, akasoma hadi 6/12 au zaidi, yaani kwa mita 6 asome angalau kile ambacho mwenye macho mazuri anakisoma kwa mita 12. Miwani iliyogawiwa kwa mafungu siku ya kampeni, ikapigwa picha na mwenye nayo haoni nayo, haihesabiwi. Dunia imeshaanza kuuliza kama mgonjwa ameona. Sisi vyuoni bado tunauliza kama mwanafunzi amefaulu.

Niwape kisa.

Kliniki yetu ya mafunzo ilipokea mama mmoja fundi cherehani, mwenye kibanda jirani na Mtaa wa Congo, Kariakoo. Miaka hamsini na kitu. Alipokelewa na mwanafunzi mzuri sana wa mwaka wa tatu, kijana mwenye GPA ambayo mzazi yeyote angeitia kwenye fremu. Mama akaeleza: jioni kichwa kinagonga, macho yanawaka moto. Kijana akamkalisha mita sita, akamziba jicho moja, akamziba la pili. Mama alisoma chati yote mpaka mstari wa chini, 6/6 kulia, 6/6 kushoto. Kijana akamulika ndani, akaona mishipa safi. Akaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: macho ya kawaida, apewe matone, apumzike.

Akaja kwangu. Mgonjwa ameona?

"Ameona, Mwalimu. 6/6 yote mawili."

Nikamuuliza: anafanya kazi gani?

Kimya.

Tukarudi wote chumbani. Nikamwomba mama, kama ana sindano kwenye mkoba, atunge uzi. Alikuwa nayo, fundi gani atembee bila sindano? Akanyoosha mkono wa kushoto mpaka mwisho, akarudisha kichwa nyuma, akailamba ncha ya uzi, akajaribu. Ukapita pembeni. Akajaribu tena. Ukapita pembeni. Halafu akatueleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: asubuhi kabla ya kwenda shule mjukuu wake humtungia sindano za kutosha siku nzima, zikiisha mchana ndiyo basi. Na ameacha kupokea mabuibui. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi hauoni kabisa, na mabuibui ndiyo yaliyokuwa yanamlipia kodi ya kibanda.

Kijana akamvalisha fremu ya majaribio, akaweka lensi za plasi mbili, za kuonea karibu, kila upande. Sindano ikatungwa mara moja. Mama aliutazama ule uzi, akautoa, akautunga tena kama vile haamini, akasema, "Kumbe hata hii kanga yangu imechakaa hivi!"

Ndugu zangu, kwenye mtihani wa hatua za kupima uoni wa mbali yule kijana angepata alama zote. Zote! Na mama angerudi Kariakoo na chupa ya matone.

Mnaona ninachosema? Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika Assam, India, kwa wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza uzito wa chai wanayochuma kwa karibu asilimia 22 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa. Mwaka 2024 ukatoka mwingine wa Bangladesh: waliopewa miwani ya kusomea, mapato yao yalipanda kwa kama theluthi moja. Lensi za plasi hizi hizi! Hakuna mashine ya mamilioni. Ilitosha mtu kuulizwa kazi yake na kupimwa kwa umbali wa kazi yake.

Tangu siku ile chumba cha kupimia kina sindano na uzi mweusi, kina gazeti, kina simu yenye ujumbe wa maandishi madogo, na kina ungo wenye mchele usiochambuliwa. Mtu anayesema ni mama lishe hasomeshwi herufi tu, anapewa ungo atafute mawe. Wapo walioshangaa kuona mchele kliniki. Waendelee tu kushangaa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, na hapa naomba wanafunzi mnipe masikio yote mawili. Ni mkono. Mkono wa mtu aliyepima watu wengi.

Aliletwa mtoto wa darasa la tatu kutoka Gongo la Mboto. Mwalimu wake alikuwa ameandika kwenye ripoti: mvivu wa kusoma, hamakiniki. Mwanafunzi aliyempima alianza na lensi moja moja. "Hii nzuri au ile?" Mtoto akajibu nzuri. "Na hii?" Nzuri. "Na hii je?" Nzuri. Mtoto wa miaka tisa aliyezungukwa na makoti meupe atasema nini kingine? Anataka kurudi nyumbani. Jicho la kulia likaishia kwenye mainasi robo tatu, lensi ya wasioona mbali. La kushoto kila lensi ilikuwa nzuri, lakini hakuvuka mstari wa tatu.

Tukasimamisha kila kitu. Tukamwekea matone ya kulegeza jicho, kwa sababu jicho la mtoto lina nguvu ya kujikaza na kuficha tatizo lake, linaweza hata kumfanya mwenye plasi aonekane ana mainasi. Tukasubiri dawa ifanye kazi. Kisha tukazima taa, nikamkabidhi mwanafunzi retinoskopu.

Wazazi ambao hamjawahi kuiona, ni kijitochi kinachopitisha mstari mwembamba wa mwanga kwenye mboni. Unausogeza, na ndani ya mboni unaona wekundu nao unasogea. Ukienda upande ule ule na mkono wako, unaongeza plasi. Ukienda kinyume, unaongeza mainasi. Unaendelea mpaka wekundu unaacha kukimbia na mboni yote inajaa mwanga kwa mkupuo. Hapo umefika. Mgonjwa hakusema neno, wala hakuulizwa. Ndiyo maana chombo hiki kinaweza kumpima mtoto mchanga, kiziwi, mzee aliyechoka, na mtu msiyeelewana lugha.

Kwenye jicho la kushoto la yule mtoto wekundu ulikuwa hafifu na mvivu, unafuata mkono taratibu. Mwanafunzi akaongeza plasi tatu, bado unafuata. Nne, bado. Plasi sita, mboni ikajaa. Toa moja na nusu kwa ajili ya umbali wa mkono, sentimita 67 tulizokaa kutoka kwa mtoto, ikabaki plasi nne na nusu. Kulia plasi moja tu. Jicho moja lilikuwa limebeba shule yote, na ubongo ulikuwa umeanza kulisahau la pili. Jicho vivu, kwa mtoto aliyeitwa mvivu. Alivalishwa miwani, akaanza kuzibwa jicho la kulia, lililo zima, kwa saa za kila siku ili lile jingine lilazimike kufanya kazi. Miaka tisa si mapema, lakini jicho la umri ule bado husikia tiba. Angekuja na miaka ishirini ningekuwa nasimulia kisa kingine.

Nawauliza: ujuzi ule unapatikana kwa kukesha na desa? Hakuna aliyejua kuogelea kwa kukaa ufukwe wa Coco akitazama wenzake.

Nimepita vituo vya fildi, vya mafunzo kwa vitendo, sitavitaja, nikakuta wanafunzi watano wamezunguka mgonjwa mmoja na retinoskopu moja. Mmoja ameshika, wanne wanatazama, na jioni wote watano wanaandika kwenye daftari kwamba wamepima. Msimamizi anaweka saini tano. Hii inaniumiza, na naisema mbele ya mgeni rasmi kwa makusudi. Daftari lile likifika chuoni linaonekana limejaa, mwanafunzi anaonekana ameiva, kumbe mkono wake haujawahi kuona wekundu ukigeuka. Yule yule tunampeleka wilayani, peke yake, mtaalamu wa pekee wa kupima miwani kwa watu wote wa wilaya.

Kwa hiyo tunapozungumza mafunzo naomba tuhesabu vitu vinavyostahili kuhesabiwa. Mwanafunzi huyu ameshika mwenyewe wagonjwa wangapi, na wa aina gani? Watoto wangapi? Wenye kisukari wangapi, akatazama retina zao? Watu wenye ualbino wangapi? Hili la mwisho nalirudia. Wapo watoto wenye ualbino wanaofundishwa nukta nundu wakati wana uoni wa kutosha kusoma maandishi kwa kikuza maandishi na kiti cha mbele kisichopigwa na jua. Wanahitaji mtu aliyefunzwa uoni hafifu kwa vitendo, akakaa na mtoto, akamjaribishia vikuza kimoja baada ya kingine. Mada ile kwenye ratiba zetu huwa wiki ya mwisho ya muhula, wakati akili za watu ziko kwenye mitihani. Siyo sawa.

Nani amesikia jinsi vyuo vya optometria vya Marekani vinavyotangaza matokeo yao? Kule mtu anasoma miaka minne baada ya masomo yake ya kwanza ya chuo kikuu, kisha kuna mitihani ya bodi ya taifa yenye sehemu tatu, ya tatu ikiwa ya kliniki, ambayo kila mmoja husafiri kwenda kuifanya mji wa Charlotte, North Carolina. Chombo kinachotoa ithibati kwa vyuo kinavitaka viweke hadharani: tulipokea wangapi, wamemaliza wangapi, wamefaulu bodi wangapi. Mzazi anafungua, anasoma, analinganisha, kabla hajalipa hata senti. Hatuna fedha zao na wala sisemi tuige kila kitu. Lakini kuweka hesabu hadharani kunagharimu nini? Karatasi. Na ujasiri.

Sisi kwa miaka mingi aliyetaka fani hii alipanda basi kwenda Moshi, chuo cha hospitali ya KCMC, na wengi wa waliotufundisha walitokea kule. Baraza la Optometria lipo na linasajili. Wizara ipo. Msingi tunao. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza baada ya mahafali: mhitimu wetu yuko wapi leo?

Nimeuliza. Nimechukua simu nikawapigia wahitimu mmoja mmoja.

Mmoja yuko hospitali ya wilaya, mikoa ya kusini. Amepangwa dirisha la kuandikisha wagonjwa. Kasha la lensi za majaribio lipo, jipya, limefungiwa stoo, na aliyepewa ufunguo alihamishwa. Kijana mwenye mkono mzuri, ninamjua, anaandika majina kwenye kadi.

Mwingine yuko duka la miwani hapa hapa mjini, analipwa kamisheni kwa kila miwani inayotoka. Akaniambia, "Mwalimu, mtu akija na mainasi robo nifanyeje? Nikimwambia haihitaji, mwezi unaisha bila kodi." Wenye maduka, nyinyi ni ndugu zetu na bila nyinyi watu wa mji huu wasingepata miwani. Lakini hapa lazima niseme. Ukimlipa mpimaji kwa idadi ya fremu, umemnunua asiangalie kitu kingine. Na kitu kingine ndicho kinachopofusha. Presha ya macho inayoitwa glaukoma mara nyingi haiumi. Inakula uoni wa pembeni kimya kimya, mtu anajigonga milangoni akidhani ni uzee, na kilichopotea hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Mtu wa kwanza anayeweza kuiona mara nyingi ni kijana wako wa dukani, kama atapewa dakika za kutazama mshipa wa fahamu wa jicho kabla ya kuuza. Mlipeni mshahara. Mpeni dakika hizo.

Na wa tatu ni binti aliyerudi kwao Tunduru. Amefungua chumba kimoja. Anapima, anakata lensi mwenyewe kwa mashine ya mkono, anapima umbali kati ya mboni mwenyewe kwa rula, kwa sababu anajua lensi nzuri ikikatwa katikati yake isilingane na mboni mtu ataumwa kichwa na kuitupa. Wenye mtoto wa jicho anawaandikia barua waende kwa daktari bingwa. Nikamuuliza ulijifunzia wapi kukata hivyo? Akasema: karakana ya chuo, jioni, wenzangu wakiwa wameondoka, fundi aliniachia mashine. Yaani jambo linalomlisha leo na kuwaonesha watu Tunduru halikuwemo kwenye mtihani wake wowote! Fundi wa karakana ndiye aliyemfundisha, na jina la fundi yule halijawahi kusomwa kwenye mahafali. Yupo humu ndani. Fundi, simama. Jamani mpigieni makofi.

Neno fupi kuhusu waliodisko. Nimesoma mafaili. Wengi wao hawakushindwa na optiksi wala anatomia. Walikosa mtihani kwa sababu ya ada, wakarudia, wakakosa tena. Tukiandika tu "wameshindwa" tunajidanganya wenyewe. Safu ya sababu iwepo, na ijazwe ukweli.

Uongozi wa chuo umeniruhusu kutangaza haya. Kuanzia muhula huu karatasi ya ubaoni itakuwa na safu mpya: idadi ya wagonjwa ambao kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho amewapima kwa mkono wake, kwa aina zao. Saini ya msimamizi itakuwa moja kwa mgonjwa mmoja, basi. Kila mwezi tutawapigia simu baadhi ya wagonjwa tuliowaandikia miwani kuuliza kama wanaivaa na kama wanaona, na majibu yatarudi kwa mwanafunzi aliyewapima kabla hayajaja kwangu. Na karakana inaingia kwenye mtihani wa vitendo.

Wazazi, mkija siku ya ziara msiniulize mtoto amepata ngapi. Mwombeni afungue daftari lake la kliniki mbele yenu. Mwambieni awapime nyinyi wenyewe, na wale wenye miaka zaidi ya arobaini mje na kazi zenu mikononi: msumeno, sindano, kitabu cha madeni, Kurani, Biblia.

Mlangoni pana madaftari mawili. La kijani ni la wenye maduka na hospitali mnaoweza kupokea wanafunzi wa fildi mwezi wa kwanza. Andikeni mna retinoskopu ngapi, na mnaweza kupokea wawili, siyo watano. La bluu ni la wahitimu wa miaka iliyopita mliomo humu. Andikeni jina, mahali mlipo, namba ya simu, na kama kasha lenu la lensi limefungiwa stoo, andikeni hilo pia, mgeni rasmi ameniahidi ataondoka na nakala. Chakula kiko tayari, lakini daftari kwanza. Asanteni sana kwa kunisikiliza.